Jiwe la Kisigino

Nimerudi Ngazija na pua inayobambuka,
kucha mbili nyeusi, na picha mia tatu simuni.
Shangazi Mwanate yuko uani kwake, Pangahari,
miguu ndani ya beseni la buluu.
"Ndoo," asema, "nionyeshe huo moto wako."

Hamna moto, namwambia. Kuna mvuke tu,
kidogo, kama wa sufuria uliyoisahau.
Tulianza kupanda saa nane za usiku,
mimi, Famau, na mwongoza njia aliyevaa kandambili
na hakuteleza hata mara moja.
Msitu kwanza, ukungu, matope hadi magotini;
kisha miti ikafupika ikawa vichaka,
kisha vichaka navyo vikakoma,
dunia ikabaki majivu na pumzi zetu.
Ukingoni nililala kifudifudi nikachungulia:
shimo lingeumeza mji wa Lamu, na ngome yake, na punda wote,
na lisicheue.

Afyonya. Apitisha kidole chenye sabuni juu ya kioo.
"Na huyu?"
Bundi, nasema. Mdogo, hapatikani kisiwa kingine.
Tulimngoja saa tatu kwenye baridi, hatukohoi.
"Mlimngoja?"
Na tulilipa.
"Mlimlipia *bundi*?"

Acheka mpaka mai yakamwagika sakafuni,
acheka mpaka jirani akauliza dirishani kuna nini,
naye amjibu: "Ni huyu mtoto wa kaka yangu!
Sisi bundi twamfukuza kwa ufagio,
yeye amepanda ndege kumfuata!"

Kisha ainamia beseni, aendelea kusugua.
Ndipo nikalitazama lile jiwe mkononi mwake:
la kijivu, vitundu vitundu kama mkate wa kumimina.
Likamponyoka, likaanguka majini.
Halikuzama.

Umelitoa wapi?
"Shela, mwaka aliozaliwa Bwanadi. Lilikuwa laelea tu.
Bahari huleta."

Nikaliokota. Jepesi kama ganda la yai.
Tulichana soli za viatu, mimi na Famau,
tukalala kwenye hema linalovuja,
ili nikaguse kitu cha namna hii;
nacho kumbe kilikuwa hapa, miaka ishirini na sita,
kikila magaga ya shangazi yangu:
moto uliopoa, ukasafiri bila pasipoti,
ukafika Lamu ukapata kazi.

"Lete," asema, mkono wazi, unachuruzika.
"Mguu wa pili wangoja."