Mjomba wa Molo

Saa tano usiku, Umoja, ghorofa ya nne,
tarakilishi imegoma.
Nataka kuchapa risiti za kioski tu.
Programu: sifunguki bila maktaba fulani.
Naiita maktaba; nayo haiji bila nyingine,
na hiyo nyingine yataka toleo la zamani
lililokwisha kufutwa.
Kama wazee wa posa:
hawagusi chai mpaka mjomba wa Molo afike,
na mjomba kazima simu.

Bando limekatika kwenye asilimia tisini na moja.

Natoka na soksi, nabisha kwa Muthengi,
jirani wa miaka mitatu, salamu zetu huishia ngazini.
“Waifai? Chukua,” asema, mswaki mdomoni.
“Nywila ni jina la mama.”

Nimesimama pale.
Jina la mama yake silijui.