Malipo ya Kutolima

Hundi huja Oktoba, wiki ya pili,
ndani ya bahasha yenye kidirisha.
Jina langu huchungulia hapo
kama mtu anayetaka kujua nani amebisha hodi:
Ladimir Kostal, Kaunti ya Osler, Nebraska.
Ekari arobaini na tatu, nukta sita.
Nalipwa nisizilime.

Libbie hucheka kila mwaka, kicheko kilekile.
"Mchumia juani hulia kivulini," husema,
"wewe uliyechumia kivulini, ukalie wapi?"

Baba angetema mate.
Baba aliulima mteremko ule juu-chini, juu-chini,
mistari minyoofu kama ya daftari la shule,
na mvua ya Mei ikaisoma mistari ile,
ikashuka nayo neno kwa neno hadi kijitoni.
Nilikuwa na miaka tisa. Niliona maji
yakigeuka rangi ya chai ya maziwa
nikadhani mali yetu inaongezeka,
kwa kuwa maji yalikuwa mengi.

Nilipotia sahihi mara ya kwanza
kalamu ya ofisini ilikuwa imefungwa kwa uzi,
uzi mfupi.
Corliss, karani, akasema, "Kila mtu huinama, Ladimir."
Nikapanda nyasi za asili, aina kumi na mbili,
mbegu nyepesi zenye manyoya, zikagoma kushuka kwenye mashine.
Mwaka wa kwanza yaliota magugu matupu.
Kule kwenye maghala ya mahindi
mazungumzo yalikatika nilipoingia,
kisha Dwaine Sedlak akaniuliza mbele ya watu
kama serikali itamlipa na yeye asikamue ng'ombe.
Nilicheka nao.
Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu.

Hundi ya mwaka wa tatu ilinunua paa.
Ya saba, nyonga mpya ya Libbie,
au tuseme skrubu zake.
Ya tisa sikumbuki. Ililiwa na riba.
Mkaguzi huja Juni na fimbo yenye alama,
hupiga magoti, huhesabu mashina,
kijana wa mjini, viatu bado vina harufu ya duka.
Ni marufuku kukata nyasi kabla ya katikati ya Julai,
kwa sababu ya viota.
Na kweli wapo: kware, na yule mdogo wa kifua cha njano
anayekaa juu ya nguzo ya ua akidai kitu
ambacho sijaelewa hadi leo ni nini,
ila anadai kama mtu mwenye risiti.

Sasa mkataba unaisha.
Mahindi yamepanda bei. Mjukuu wa Dwaine
ana trekta linaloongozwa na setilaiti
na amenitajia kodi mara mbili ya hundi,
amesimama mlangoni, kofia mkononi, kijana wa adabu.
Sikumjibu. Nilimpa mayai.

Machi tulichoma nyasi, kama mkataba unavyotaka.
Jioni, jua likiwa limelala ubavu,
niliiona mifereji ya plau ya Baba kwenye ardhi nyeusi,
miaka yote hiyo, bado minyoofu,
isipokuwa mmoja, katikati ya mteremko,
unapinda, unazunguka kitu, unarudi kwenye mstari.
Nikaenda pale na fimbo ya Libbie.
Hakuna jiwe. Hakuna kisiki.
Nilichokoachokoa majivu kama kuku.
Mtu ambaye hakusimamisha trekta siku niliyozaliwa
alizunguka nini?

Fomu ina mahali pa kuandika sababu ya kuomba tena,
mistari miwili tu.
Corliss amestaafu. Uzi wa kalamu ni uleule,
au ndugu yake.
Nikainama, mgongo ukalalamika.
Niliandika: mteremko.
Mstari wa pili
nikauacha bila kuulima.