Chupa ya Tatu

Numbi amerudi Katuba na chupa nne za divai nyekundu
toka Kalifornia, kazifunga ndani ya suruali za jinzi.
Bilauri za shingo ndefu hatuna. Vikombe vya chai.

"Msimeze upesi. Zungusheni, nuseni."
Ya kwanza: moshi, na ngozi ya kiatu kipya.
Ya pili inakaza ulimi kama ndizi mbichi;
Mama Kyungu anaomba sukari.

Ya tatu ina hadithi mgongoni, Numbi anatusomea:
babu alifukuzwa mgodini, akapanda mizabibu
kwenye kilima kisichotakiwa na mtu.
Sahihi yake ndiyo hiyo, kwa wino wa dhahabu.

Baba anazungusha kikombe, hanywi.
Naye shaba ilimwachisha kazi kwa bahasha moja,
akalima mahindi nyuma ya reli
miaka ishirini na miwili.

"Rudia hapo pa kilima."
Numbi anarudia.
Ndipo anakunywa, macho kafumba.

"Ina ladha gani, Baba?"
"Ya mvua iliyochelewa."

Ya nne hatukuifungua.
Asubuhi nikaikuta ile tupu dirishani,
imejaa mbegu za mahindi hadi shingoni,
lebo imegeuzwa, inatazama barabara.