Daftari la Michango

Ukurasa wa kwanza: Kageha wa omena,
gorogoro mbili za mahindi, moja pungufu
(kasema atamalizia Jumamosi, soko likichangamka).
Fundi Ominde, bawaba za lango
lile ambalo Asiligwa hulisukuma na kulirudisha
asubuhi nzima, akisikiliza chuma kikilia.
Fundi hakuuliza kwa nini zinalika upesi.
Huleta nyingine.

Kanisa la juu: sabuni. Kanisa la chini,
liliposikia hayo, sabuni na sukari.

Nami mweka hazina najumlisha kwa kalamu nyekundu,
mvua ya Luanda ikipiga mabati
hadi Imbuka anaziba masikio, na mpishi
anamfunika kwa leso yake, hana neno.

Wako waliokuwa wakivuka barabara
wakiwaona vijana wa kituo.
Mmoja wao yumo humu, mstari wa tisa:
kuni, mzigo mmoja. Sikumkumbusha.

Mstari wa mwisho si mwandiko wangu.
Herufi zimepanda kilima, moja imegeuka kutazama nyuma:
IMBUKA. Miaka minne ya kuishika kalamu.
Kwenye safu ya kiasi hakuandika kitu.

Nimejumlisha mara tatu.
Hesabu imekataa kufungwa.