Usiku wa Kupala, Kando ya Mto Ptsich

Saa nne usiku, na anga bado jeupe
kama maziwa yaliyosahaulika mezani.
Zoska kakalia ndoo iliyopinduliwa, ulimi nje,
anasuka taji lake la kwanza:
maua ya buluu ya ukingo wa ngano, majani ya mbetula,
na uzi wa kufungia magunia
kwa sababu vidole vya miaka sita
havijajua bado kuushawishi unyasi.
Nilidhani nimesahau mimi pia.
Kumbe vidole vina kumbukumbu zao.

Tsimoh ana miaka tisa na maneno mengi.
Tangu asubuhi karuka ndoo, karuka benchi,
karuka mbwa wa jirani aliyelala.
Moto ulipowaka, akakumbuka ghafla
kwamba kiatu kinambana.

Hatukumcheka.
Baba yake akavuta kuni mbili pembeni,
akazipiga fimbo hadi ukabaki moto
wa kimo cha kifundo cha mguu.
Huu nao, akasema, ni moto.
Akauruka. Akaurudia mara kumi na moja,
ya mwisho kamshika dadake mkono.
Walioshikana juu ya moto, husemwa, hawaachani.
Hawa waliachana palepale walipotua,
wakigombania nani kapaa zaidi.

Wasichana wakubwa waliuliza mto habari za waume.
Zoska kauliza habari za jino: litaota lini?
Taji likazunguka, likasita,
likanasa kwenye matete,
mshumaa ukiwamulikia vyura.
“Limesema nini?”
Limesema subiri.
“Hilo ni jibu lako,” akaniambia, “si la mto.”

Kisha msituni, na tochi,
kutafuta ua la kangaga lichanualo usiku huu tu.
Kangaga halina ua. Kila mtu anajua.
Kila mtu huenda.
Tulipata konokono, kiatu kimoja cha mtu, mbu,
na Tsimoh akapiga kelele: “Nimeliona!”
Tochi ikazimika.
Hatukumwuliza lilikuwa na rangi gani.

Saa tisa na nusu, kunapambazuka.
Nimembeba Zoska, nywele zanuka moshi.
Nani, ananiuliza kafumba macho,
kaukata usiku ukawa mfupi hivi?
Sina jibu hata la kwangu.
Nyasi ni ndefu; nyayo zake zinazoning'inia
zinakusanya umande ambao bibi zetu waliuita dawa,
na kinywani, kwenye pengo,
ulimi wake bado unatafuta.