Sauti ya Bandarini, Bukavu

Kipaza sauti kina kutu, kimefungwa kwa waya wa baiskeli.
"Abiria wa Goma, tayarisheni tiketi…"
Ni Nsimire. Alirekodi asubuhi moja ana mafua,
kwa chupa mbili za soda na ahadi ya mshahara.
Mafua yamebaki humo, mwaka wa tisa sasa.

Yeye anauza sambaza pale chini ya ngazi,
kifua kizima, sauti imekuwa nene.
Akijisikia akiita huko juu, hainui kichwa.

Jana umeme ulisita, akakwama kwenye Idjwi:
Idji, Idji, Idji,
hadi makuli wakacheka.
Nsimire akaweka chini kopo la kupimia,
akalimalizia neno mwenyewe,
kwa sauti ya leo,
na watu wa kisiwani wakainuka, wakabeba mizigo.