Urithi

Babu yako alikuachia ng'ombe, pembe ndefu, mwenye mimba.
Mimi na mama yako tulikuachia tusichokijua:
kila mmoja na nusu yake, kimya,
kama watu wawili wenye funguo za mlango mmoja.
Ukafunguka ndani yako.

Wiki sita, Ampumuza. Tumbo limewambwa kama ngoma.
Figo zako zimejaa vifuko vya maji,
zimeyasukuma mapafu juu;
unanyonya mara tatu, unaachia, unahema.

Hapa Mbarara, Daktari Katushabe alichora
nyuma ya kadi yako ya chanjo:
"Tunaitoa hii ya kushoto.
Ya pili tutaiomba ivumilie."
Nikatia sahihi. Mkono ukaandika jina la babu yako.

Saa nne na nusu.
Mama yako anakamulia maziwa kikombeni,
hajui kama yatanyweka.

Muuguzi akatoka, mikono mitupu.
"Imepimwa gramu mia tatu."
Niliuliza, "Na mtoto?"
"Anapumua."

Usiku ulinyonya. Nilihesabu mimezo:
nane, tisa, kumi na moja,
nikapotea.

Alfajiri nepi imelowa.
Tunapokezana, mimi na mama yako,
tunaipima uzito viganjani
kama wanunuzi wagumu sokoni.